Nimefungwa na rauta ya miezi 12: mteja wa intaneti Uganda ana haki gani?

Swali: Asalaam aleikum ndugu mtaalamu. Nina duka dogo mtaa wa Oli, Arua. Nachapa na kutoa nakala, najazia watu fomu za TIN na pasipoti, na wanafunzi huja kutumia kompyuta zangu sita. Mwezi wa pili nilifungiwa rauta kwa mkataba wa miezi 12, shilingi 150,000 kila mwezi, "intaneti bila kikomo", kasi megabiti 20. Siku kumi za mwanzo wa mwezi mambo huwa safi, baada ya hapo hata kufungua tovuti ya URA, mamlaka ya kodi, ni kazi. Nikipiga simu naambiwa zima uwashe. Juzi ndipo binti mmoja wa huduma kwa wateja akaniambia nimevuka "kikomo cha matumizi ya haki". Nikasema basi nauvunja mkataba, wakanijibu nilipe miezi mitano iliyobaki. Muuzaji mwingine anayefika mtaani kwangu ni mmoja tu, na majirani wanamlalamikia vilevile. Faiba, yaani mkongo wa intaneti, inapita barabara kubwa, mita 300 hivi kutoka dukani, lakini nimetajiwa 1,400,000 kuivuta. Je, mteja wa Uganda ana haki yoyote? Kwa nini shemeji zangu wa Nairobi wanachagua kampuni kama wanachagua mitumba? Na nikinunua dishi la satelaiti kutoka Kenya itakuwaje?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Majina ya kampuni nimeyatoa kwenye barua yako, kwa kuwa yanayokupata yanawapata wateja wa kampuni nyingi. Picha za mkataba ulizonitumia nimezisoma mara mbili, pamoja na ile kurasa ya tatu ambayo nadhani hukuisoma siku ya kutia sahihi. Hakuna anayeisoma. Nimekuwa fundi wa mitambo ya intaneti kwa miaka 17, na yangu mwenyewe ya nyumbani sikuisoma.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana mtandao wa polepole ni kama homa: ukimeza dawa ya malaria kumbe una homa ya matumbo, umepoteza wiki. Kasi ikiwa nzuri alfajiri, ikaanguka jioni, ikafufuka usiku wa manane, huo ni msongamano. Upande mmoja wa mnara wa 4G wenye upana wa masafa ya mawimbi wa megahezi 20, kwa vifaa vya kawaida, kilele chake ni kama megabiti 150 kwa sekunde. Hicho ni kilele cha kwenye karatasi, na simu zote zinazoutazama upande ule zinagawana. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye video, fungu lako ni lile linalobaki.

Kasi ikiwa mbovu saa zote na inarukaruka, angalia nguvu ya mawimbi. Fungua ukurasa wa mipangilio wa rauta, utafute namba iliyoandikwa RSRP. Ikiwa kwenye -80 au -90 huna neno. Ikishuka mpaka -110 au chini zaidi, rauta inausikia mnara kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto wakati wa mvua. Dawa yake ni kuisogeza dirishani au kufunga antena ya nje. Haina haja ya kesi.

Dalili ya tatu ndiyo yako. Mwanzo wa mwezi mbio, kisha kuanzia siku fulani kasi inakaa palepale: megabiti 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku, haipandi wala haishuki. Msongamano hauna nidhamu ya namna hiyo. Hapo kuna mtu ameshika bomba, na fundi anayekuambia "zima uwashe" anaiona hali hiyo kwenye kompyuta yake wakati anazungumza nawe.

Sasa ile kurasa ya tatu. Imeandikwa kwamba baada ya gigabaiti 200 kwa mwezi kasi itapunguzwa "kwa kiwango ambacho kampuni itaona kinafaa". Tupige hesabu. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5, kwa sababu baiti moja ni biti 8. Kwa saa moja hiyo ni gigabaiti 9. Maana yake ni kwamba ukiitumia kasi uliyouziwa kikamilifu, gigabaiti 200 zinakwisha kwa saa 22. Wewe una kompyuta sita, wanafunzi wanaotazama video zinazokula gigabaiti 2 au 3 kwa saa, na Windows inayojisasisha yenyewe bila kukuomba ruhusa. Kufika siku ya kumi umejitahidi.

Nitasema jambo ambalo pengine hutalipenda: kikomo chenyewe sikioni kuwa dhambi. Bila hicho, nyumba moja inayopakua filamu usiku kucha ingewanyima wengine hewa. Makosa ninayoyaona ni matatu. Bango limesema "bila kikomo" huku kikomo kipo. Mkataba hautaji kasi itashuka mpaka ngapi, kwa hiyo kampuni imejiachia mkono wazi. Tena hukutumiwa hata ujumbe mfupi siku ulipofika gigabaiti 200, ingawa simu zao hukutumia ujumbe wa bahati nasibu kila asubuhi.

Hapo ndipo haki zako zinapoingia. Zimetawanyika kwenye sheria kadhaa, na nadhani ndiyo sababu watu hufikiri hazipo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inaipa Tume ya Mawasiliano, UCC, kazi ya kulinda wateja na kupokea malalamiko yao, na chini yake kuna kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji, zinazomtaka mtoa huduma aeleze huduma yake, bei na masharti kwa uwazi. Kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayotaka huduma itolewe kwa uangalifu na ujuzi. Halafu kuna ninayoipenda zaidi kwa kesi yako, Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010: mtu aliyekubali mkataba kwa sababu ya maelezo ya kupotosha ana hiari ya kuubatilisha. Hiari ni yake yeye aliyepotoshwa.

Usishangilie bado. Wakili wao atauliza kwa nini umelipa miezi saba bila kuandika neno. Jibu lako lipo, kwamba kikomo umeambiwa juzi, lakini kila mwezi utakaolipa kimya kuanzia leo unalidhoofisha. Atauliza pia kama kifurushi ulichopewa ni cha nyumbani au cha biashara. Angalia risiti. Kama aliyekufungia aliona kompyuta sita na mashine ya nakala na bado akakuandikia cha nyumbani, liandike hilo kwenye lalamiko kabla wao hawajaligeuza kuwa kosa lako.

Unachopaswa kukusanya ni kidogo. Pima kasi siku tano, mara tatu kwa siku: alfajiri kabla hujafungua duka, mchana, na saa mbili usiku. Unganisha kompyuta moja kwa waya kwenye rauta, zima nyingine zote, na upige picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa. Fanya hivyo siku tano za mwanzo wa mwezi na siku tano baada ya kubanwa. Weka hizo picha pamoja na picha ya bango au ule ujumbe wa WhatsApp ambao wakala alikutumia wakati anakushawishi. Huo ujumbe wa wakala usiufute hata simu ikijaa. Una thamani kuliko mkataba.

Ukishakuwa nazo, andika. Nakuomba uniamini kwenye hili, maana nimekaa upande wa pili wa simu. Kampuni moja niliyofanyia kazi zamani ilikuwa na lengo la kufunga kila lalamiko ndani ya saa 24. Ukipiga simu tulikufungulia lalamiko, fundi akikupigia mara moja usipokee tuliandika "imetatuliwa", na mwisho wa mwezi meneja alipokea takwimu za kupendeza. Mteja aliyeandika barua pepe na kudai namba ya kumbukumbu hakuweza kufungwa hivyo, kwa kuwa maandishi yake yalibaki. Mafundi tulimwita "yule wa barua" na tulimwogopa. Kwa hiyo hata ukipiga simu, malizia kwa kuandika: leo saa fulani nimezungumza na dawati lenu, nimeambiwa hivi, namba ya lalamiko ni hii.

Siri nyingine ya chumba cha mitambo: malalamiko huhesabiwa kwa mnara. Mtu mmoja wa Oli akilalamika ni "mteja mgumu". Watu saba wanaotumia mnara mmoja wakilalamika wiki hiyohiyo, kila mmoja kwa namba yake na kwa maneno yake, skrini inabadilika rangi na kuna mtu Kampala anaulizwa kwenye kikao cha Jumatatu. Barua moja yenye sahihi saba haifanyi kazi hiyo, kwa sababu mfumo unaihesabu kuwa moja. Kwa kikomo chako cha mkataba hii haitasaidia sana, ila kwa wale majirani wenye tatizo la jioni itasaidia mno, na pengine nao watakuwa mashahidi wako.

Kwenye barua yenyewe usidai dunia. Omba jambo moja kati ya mawili: wakutoe kwenye mkataba bila faini, au wakuandikie kasi ya chini baada ya kikomo isiyopungua kiasi unachoweza kufanyia kazi na wakurudishie sehemu ya malipo ya miezi miwili iliyopita. Wape siku 14. Wakikaa kimya au wakikuzungusha, peleka jalada zima UCC. Makao yao ni Bugolobi, Kampala, lakini huna haja ya kupanda basi la usiku, malalamiko hupokelewa kwa maandishi na kwa simu. Watakuuliza kwanza kama umelalamika kwa mtoa huduma na namba ya kumbukumbu ni ipi. Wengi hukwama hapo, wanarudishwa, wanasema Tume haina maana. Mimi nimeiona ikimaliza mambo madogo kama lako kwa barua moja tu, kwa sababu anayeipokea upande wa pili si yule binti wa dawati. Ni mtu anayesimamia leseni ya kampuni. Mambo makubwa, kama bei za soko zima, huchukua miaka.

Kuna mlango mwingine ambao watu wengi hawaujui: utaratibu wa mashauri madogo mbele ya hakimu, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Ni kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawaruhusiwi kusimama. Miezi mitano unayodaiwa ni 750,000, kwa hiyo unaingia vizuri. Uliza kwenye mahakama ya hakimu mkuu hapo mjini namna wanavyouendesha. Sikushauri uanzie huko, lakini ukiutaja katika barua yako ya pili, utashangaa jinsi lugha yao inavyobadilika.

Nije kwa shemeji zako wa Nairobi.

Nilipoanza kazi Kampala, tulikuwa na kampuni za kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili. Celtel ilikuwapo tangu 1995, ikawa Zain, kisha mwaka 2010 ikawa Airtel. MTN ilifungua 1998. Warid ilikuja na bei za chini kiasi kwamba vijana wote walikuwa na laini yake, na mwaka 2013 Airtel ikainunua. Orange ikauzwa ikawa Africell mwaka 2014, nayo Africell ikafunga virago Oktoba 2021. Kila ilipoondoka moja, wateja wake walihamia kwa wale wakubwa wawili. Wapo wauzaji wengine wa intaneti, hasa Kampala, lakini ukitoka nje ya Kampala na Entebbe orodha inakuwa fupi haraka sana.

Kwa nini wadogo hufa? Watu husema ni rushwa na wakubwa kukaba soko. Sitakataa kwamba ukubwa una nguvu zake, na nchi ilipata Sheria ya Ushindani ya 2023 kwa sababu kama hizo. Lakini mimi kama fundi naanza na umbali. Uganda haina bahari. Mikongo ya baharini inayotuletea intaneti, SEACOM na TEAMS, ilifika pwani ya Kenya mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Nairobi iko jirani na pwani hiyo kuliko sisi, na ina wateja wengi wenye pesa waliorundikana kwenye maghorofa. Megabiti yako inatoka Mombasa, inavuka mpaka, inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika Kampala, halafu karibu 500 nyingine kuja Arua kupitia daraja la Pakwach. Kila kilomita ina mtu anayelipwa, na kila kilomita ina katapila linaloweza kukata waya. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja chini ya bahari, na Afrika Mashariki nzima ikapunguza mwendo siku ileile. Hapo hakuna kampuni ya Arua ambayo ungeikimbilia.

Hata ushindani unaouona wakati mwingine ni wa rangi za mabango. Minara mingi ya nchi hii inamilikiwa na kampuni ya minara, American Tower, na kampuni za simu ni wapangaji. Kampala, Google ilijenga mkongo wa mjini kuanzia 2013, ukaja kuwa kampuni ya CSquared mwaka 2017, na wauzaji kadhaa wanapitisha intaneti yao kwenye nyuzi hizohizo. Mimi nauunga mkono utaratibu huo, kwa sababu kuchimba barabara ileile mara sita ni wazimu. Ila mteja ajue: ukihama kutoka muuzaji mmoja kwenda mwingine aliye kwenye mnara au mkongo uleule, utabadilisha bei, masharti na adabu za dawati. Waya ukikatika, mtazimika nyote. Pengine ndiyo sababu majirani zako wanalalamika kama wewe.

Na kuna kamba nyingine inayotufunga ambayo haihusu kasi hata kidogo: pesa za simu. MTN ilianza huduma yake ya pesa hapa mwaka 2009, na leo namba ya simu ndiyo benki ya mtu, daftari la wadeni na anwani ya biashara. Kenya walianza utaratibu wa kuhama kampuni bila kubadilisha namba mwaka 2011, Tanzania 2017. Hapa kwetu mtu anayehama anabeba laini mbili, na laini ya zamani ndiyo inayoendelea kulishwa.

Nisisahau kodi. Kwenye ile 150,000 yako kuna ushuru wa asilimia 12 wa data, ulioanza Julai 2021 mahali pa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku tuliyoanza kuilipa Julai 2018. Juu ya bei ya kampuni pamoja na ushuru huo inakuja VAT ya asilimia 18, yote ndani ya ile 150,000. Ukifumua hesabu, kampuni inabaki na karibu 113,500 na serikali inachukua karibu 36,500. Kwa hiyo mtu akikuambia kampuni zinatunyonya, muulize kwanza anahesabu shilingi ipi. Hilo ni la mbunge wako. Wateja wako wakinuna kwamba Facebook haifunguki, hilo nalo lisikuweke ugomvini na kampuni: ilifungwa kwa amri Januari 2021, wiki ya uchaguzi, na siku iliyofuata intaneti yote ikazimwa kuanzia jioni ya tarehe 13 mpaka tarehe 18. Mwenye leseni akiamriwa kuzima, anazima. Ninachoona mimi ni kwamba mteja wa malipo ya mwezi alistahili kuongezewa siku zile tano, na ningekuwa na mkataba wa kuandika leo ningeliweka kifungu hicho.

Faiba sasa. Kuwa na mkongo unaopita mita 300 kutoka dukani kunauma, najua. Ni kama zile nyaya za umeme wa Karuma zinazopita juu ya nyumba zinazowasha tadooba, yaani kibatari. Mkongo wa masafa marefu haufunguliwi popote. Unahitaji kituo, kisanduku cha kugawia, na mtu aliyepewa kazi ya kuhudumia mtaa huo. Mkongo wa taifa unaosimamiwa na NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, umefikishwa huku kwenu West Nile kwa pesa nyingi, lakini ulilengwa kwanza kwa ofisi za serikali. Kwa hiyo uliza kwanza faiba uliyoiona ni ya nani.

Kuhusu 1,400,000, usiilipe peke yako na usiikatae. Gharama kubwa hapo ni nguzo na kazi, na nguzo zikishasimama mteja wa pili ni karibu bure kwao. Zungumza na duka la dawa, ile shule ya jirani, na mwenye nyumba mwenye wapangaji. Mkiwa wanne mwiteni mtu wa mauzo, mumpe chai, mseme: tuko wanne, kila mmoja mkataba wake, tuvutieni. Nimeona gharama ya kuvuta ikifutwa kabisa kwa hesabu hiyo. Mkikubaliana, andikeni waya ni wa nani mkiachana, na kasi ya chini inayohakikishwa ni ipi.

Ila usifanye ujanja ambao vijana watakushauri, kwamba ulipe wewe, kisha uwagawie majirani kwa waya na kuwatoza. Kuuza huduma ya mawasiliano bila leseni ni kosa chini ya ile sheria ya 2013, na siku utakapoihitaji UCC ikusaidie utakuwa unaikaribisha dukani kwako mwenyewe. Wateja kuketi kwenye kompyuta zako ni jambo jingine. Hata hivyo waulize UCC kibali kipi kinakuhusu, maana swali halilipiwi.

Wakati unasubiri, punguza matumizi. Weka masasisho ya Windows yawe ya mkono na uyapakue kwenye kompyuta moja. Funga video kwenye rauta saa za kazi, au zitoze kando. Mwanafunzi anayelipa 1,000 kwa saa na kutafuna gigabaiti 3 anakula faida ya fomu tatu za TIN. Nunua laini ya muuzaji wa pili, uweke ndani yake kifurushi kidogo kisichoisha muda, ambavyo siku hizi vipo, uiache kwenye simu ya zamani kama akiba ya zile siku URA ina tarehe ya mwisho. Mkataba ukiisha, usichukue tena rauta ya bure. Rauta ya bure imefungwa isikubali laini nyingine, na bei yake wameishaiingiza ndani ya miezi 12. Nunua yako iliyo wazi, ulipe mwezi kwa mwezi hata kama ni ghali kidogo. Hiyo tofauti ya bei ndiyo nauli ya kuondoka siku wakikuudhi, na muuzaji anayejua unaweza kuondoka kesho hukupokelea simu leo.

Dishi la satelaiti: Starlink walianza kuuza Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huohuo, ndiyo maana kuna watu wanakupigia hesabu za kuvusha kifaa mpakani Busia. Kwa mahali kama Arua teknolojia hiyo inafaa sana, sikufichi, kwa kuwa inaruka barabara yote ile ya Mombasa hadi Pakwach niliyokuhadithia. Lakini kifaa kilichosajiliwa nchi nyingine kinaweza kuzimwa kutoka mbali dakika yoyote, forodha wanaweza kukishika, na ukidhulumiwa hakuna ofisi ya Uganda itakayokusikiliza. Usitoe shilingi mpaka muuzaji akuonyeshe leseni ya UCC yenye jina la kampuni inayotoa huduma, wala si ya duka linalouza dishi.

Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi wa kwanza, na kurasa ileile ya tatu inasema usipotoa notisi ya siku 30 unajiongeza wenyewe kwa miezi mingine 12. Notisi iandike mwezi wa kumi na mbili, wiki ya kwanza, hata kama lalamiko lako bado halijajibiwa. Ipeleke dukani kwao Arua kwa mkono, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe.